Kufungwa kwa njia ya kupanda Uluru hakukutuharibia safari

Mhariri,

Naandika kuhusu makala ya safari mliyoichapa majuma matatu yaliyopita, ile iliyowashauri wazazi wasijisumbue tena kuvuka jangwa la katikati ya Australia kwenda Uluru, kwa kuwa mwamba wenyewe siku hizi haupandwi. Niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mama yangu kwa sauti. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Waandikie." Mama ana miaka 71, na mwezi Julai alikuwa nasi kwenye gari, kiti cha mbele, mtandio kichwani na chupa ya maji mapajani. Kwa hiyo barua hii ni yake pia.

Tuliondoka Adelaide, tunakoishi, tukiwa sita: mimi, mke wangu, mama, na watoto wetu wa miaka 13, 9 na 5. Gari ni la viti saba. Kiti cha saba tulikikunja, pakakaa maji, madumu matatu ya lita 20, mbali na chupa ya kila mtu. Kwenda tu ni karibu kilomita 1,600. Makala yenu ilisema siku moja na nusu inatosha, na hapo ndipo nilipoanza kutokubaliana nayo, kabla hata sijafika kwenye habari ya kupanda. Sisi tulilala njiani mara tatu: Port Augusta, Coober Pedy na Erldunda. Ukiwa na mzee na mtoto wa miaka mitano garini, jangwa halivukwi kwa haraka, na kwa kweli sioni haja ya haraka hiyo. Nusu ya tuliyoyaona, tuliyaona kwa sababu tulisimama.

Ukishaiacha Port Augusta na kushika barabara kuu ya Stuart kuelekea kaskazini, miti inapungua, inakuwa mifupi, kisha unabaki na vichaka vya rangi ya majivu juu ya udongo mwekundu. Si jangwa la vilima vya mchanga kama picha tulizozoea. Ni tambarare iliyonyooka, na barabara inakatiza katikati mpaka inayeyuka kwenye mng'aro wa jua. Baada ya Pimba kuna ziwa la chumvi liitwalo Hart, karibu kabisa na barabara. Watoto walipiga kelele kwamba wameona theluji. Tulishuka, tukatembea mpaka ukingoni, mama akainama akachukua chembe kwa ncha ya kidole na kuionja. "Chumvi kweli," akasema, na wale watatu wote wakaionja.

Eneo hilo la Woomera lilitengwa kwa majaribio ya roketi mwaka 1947, na vibao vinakuonya usitoke nje ya barabara. Mbele zaidi utakuta mistari mipana myeupe imepakwa juu ya lami, na ubao wenye picha ya ndege. Kijana wangu ndiye aliyeng'amua: kipande hicho cha barabara ni uwanja wa dharura wa madaktari wanaosafiri kwa ndege, huduma iliyoanzishwa mwaka 1928 na mchungaji John Flynn kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na hospitali. Mama aliuliza, "Yaani mtu akiugua hapa, ndege inashuka barabarani, hapa hapa?" Nikamjibu ndiyo. Alitazama nje muda mrefu. Naamini tangu dakika hiyo aliacha kuwa na wasiwasi na safari, na mimi nilianza kuwa nao, maana nilielewa kwa nini uwanja huo umewekwa.

Kati ya Glendambo na Coober Pedy ni kilomita 254 bila kituo cha mafuta wala duka, na simu inakaa muda mrefu bila mtandao. Haya makala yenu haikuyagusa. Mzazi anayesoma gazeti lenu na kuondoka kesho yake anahitaji kuambiwa: jaza tangi kila unapopata kituo hata kama bado lina nusu, pakua ramani kwenye simu kabla hujaondoka, hakikisha tairi la akiba lina upepo, na gari likiharibika usiliache ukaenda kutafuta msaada kwa miguu. Kaa nalo. Gari huonekana kutoka mbali, mtu mmoja kwenye jangwa haonekani.

Tena kuna malori. Huko wanayaita treni za barabarani, na ukiyaona hutauliza sababu: kichwa kimoja kinavuta tela tatu, urefu wote unaweza kufika mita 53. Likikupita, gari lako linayumba kwa upepo. Ukitaka wewe kulipita, uwe na barabara nyeupe mbele yako ya kilomita nzima na zaidi. Mimi ni dereva wa miaka mingi, lakini mara mbili nilianza kuovateki nikarudi nyuma ya lori, na sioni aibu kusema hivyo.

Coober Pedy ningeweza kuijazia ukurasa. Ni mji wa wachimbaji wa opali, jiwe la thamani lililogunduliwa hapo mwaka 1915, na kwa ajili ya joto kali la kiangazi watu wengi wamechonga nyumba zao ndani ya vilima. Kuna hata makanisa chini ya ardhi. Tulilala katika chumba cha namna hiyo, kuta za mwamba wa rangi ya maziwa na waridi, hakuna dirisha. Nje usiku wa Julai ulikuwa baridi ya kuuma masikio, ndani tulilala na shuka moja. Mama hakulalamika ila kwa jambo moja: "Alfajiri nitaijuaje?" Nikamtegea saa ya simu. Nilipoamka kwa mlio wake nilimkuta ameshatawadha na anasubiri.

Asubuhi hiyo tulikuwa na mazungumzo yaliyompa raha kuliko yote ya njiani. Nilimweleza kwamba kabla ya lami na reli, mizigo ya jangwa hili ilibebwa na ngamia, na waliowaongoza walikuja katika karne ya 19 kutoka Afghanistan na sehemu za India ya wakati huo, wengi wao Waislamu. Watu wa hapa waliwaita wote Waafghani. Ule msikiti mkongwe wa Adelaide anaousali Ijumaa akija kututembelea, uliojengwa 1888 na 1889, ni wao walioujenga. Alikuwa hajui. Treni inayokwenda Darwin hadi leo inaitwa The Ghan kwa kumbukumbu yao, na ngamia walioachiliwa baada ya magari kuja wamezaliana porini. Kesho yake, baada ya Erldunda, tuliwaona sita wamesimama kando ya barabara wakitutazama. Mama aliniomba nisimamishe gari. Hakupiga picha. Aliwatazama tu, kisha akasema, "Haya, twende."

Naomba nieleze kosa langu, kwa sababu huenda likamsaidia mtu. Siku ya tatu tulichelewa kutoka Coober Pedy, watoto wakiwa wanachakura vifusi vya opali mahali pa umma wanaporuhusu. Tukafika Kulgera, kilomita kama 20 baada ya kuvuka mpaka wa Northern Territory, jua likiwa limeegemea. Mke wangu alisema tulale pale. Nilikuwa nimeshalipia Erldunda, kilomita 75 mbele, nikasema tutafika. Kiza kiliingia haraka. Kangaruu hutoka kulisha wakati huo huo, na wanapenda majani ya kando ya lami. Wa kwanza nilimwona. Wa pili alitokea kulia, akasimama katikati ya taa. Nilikanyaga breki, madumu ya maji yakagonga kiti, yule wa miaka mitano akaamka analia. Kangaruu akaruka akaenda zake. Mama hakunilaumu. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Punguza, baba." Kilomita zilizobaki nilizienda kwa mwendo wa arobaini. Katika eneo lile sheria inaruhusu 130 kwa saa. Sheria inaruhusu, lakini baada ya magharibi usiendeshe. Kama makala yenu ingesema hilo moja tu, ningeishukuru.

Kutoka Erldunda unaingia kushoto, magharibi, kilomita 245 hivi hadi Yulara, mji mdogo wa wageni ulio karibu na Uluru. Hapa jangwa linabadilika tena. Mchanga unakuwa mwekundu kama kutu, na kweli ni kutu, maana rangi ile ni ya chuma kilichokutana na hewa. Mialoni ya jangwa inaanza kuonekana. Mti huu ukiwa mdogo ni mwembamba kama ufagio uliosimamishwa, haujisumbui na matawi. Unapeleka nguvu zote chini, kutafuta maji. Mzizi ukiyafikia ndipo juu unapotandaza kivuli. Binti yangu alikuwa akiihesabu: huu umepata maji, huu bado, huu bado, huu umepata. Tulikwenda hivyo zaidi ya saa nzima.

Kisha ukatokea mlima wenye kilele bapa upande wa kushoto, na gari zima likalipuka: Uluru! Sio. Ule ni Attila, ambao ramani huuita Mount Conner, na umewadanganya wasafiri wengi kabla yetu. Uluru wenyewe ulijitokeza baadaye, kimya kimya, juu ya vichaka. Sitaandika mengi juu ya rangi zake za machweo. Ni kweli zinabadilika, na picha mmeshaziona.

Nataka kuandika juu ya ubao. Kwenye hifadhi kuna maneno ya lugha ya wenyeji: Pukulpa pitjama Ananguku ngurakutu. Kijana wangu alisoma maelezo yake kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria mama: njooni kwa furaha, hapa ni nyumbani kwa Anangu. Anangu ndiyo jina wanalojiita wenyeji, maana yake ni watu. Mama alilirudia jina hilo. "Anangu. Kama mwanangu, lakini limekatwa mwanzo." Baadaye mhifadhi mmoja alitusahihisha matamshi: ng yao ni ile ya ng'ombe, siyo ya ngoma. Lakini mama hakuliacha wazo lake. Na juu ya ule ubao alisema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii: "Wametukaribisha kabla hatujapiga hodi. Basi angalau tuingie kama wageni."

Mwandishi wenu aliuita mwamba huo Ayers Rock makala nzima, na akaandika kwamba serikali imewafungia watu. Nina hakika hakukusudia ubaya, lakini yote mawili yanapotosha. Jina la Ayers Rock lilitolewa mwaka 1873 na mpima ardhi William Gosse, kwa heshima ya Sir Henry Ayers, kiongozi wa serikali ya South Australia wakati huo. Jina la Uluru lilikuwapo kabla yake. Tarehe 26 Oktoba 1985 ardhi ilirudishwa rasmi kwa Anangu, nao wakaikodisha kwa hifadhi ya taifa kwa miaka 99, isimamiwe kwa pamoja. Bodi ya hifadhi ina wajumbe 12, na 8 kati yao ni Anangu. Bodi hiyo ndiyo iliyoamua, Novemba 2017, kwa sauti moja, kwamba kupanda kukome. Mwenyekiti wake wa wakati huo, naye Anangu, alieleza kwamba pale ni mahali penye uzito mkubwa, si uwanja wa michezo. Mwenye nyumba akiomba chumba fulani kisiingiwe, hatusemi kwamba serikali imetufungia.

Wala hawakukurupuka. Kwa miaka mingi walikuwa wameweka ombi pale pale mwanzo wa njia, wakiwaomba wageni wasipande, kwa hiari yao. Njia ile inafuata njia ya mababu, watu wa Mala, waliofika hapo katika simulizi zao za mwanzo. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo mama alilielewa kabla sijamaliza kulisema. Watu wasiopungua 37 wamekufa katika kupanda mwamba ule tangu miaka ya 1950, wengine kwa kuanguka, wengine kwa moyo. Anangu huhuzunika mgeni anapoumia kwenye ardhi yao, kwa sababu wanajiona wana dhamana juu yake. "Mgeni akifia kwako," alisema mama, "utalala?"

Mnyororo wa kushikilia uliwekwa 1964 na kurefushwa 1976. Siku ya mwisho ya kupanda, 25 Oktoba 2019, foleni ilikuwa ndefu. Sasa mnyororo umeondolewa. Lakini kijana wangu aliona kitu ubavuni mwa mwamba na kuniuliza, "Baba, ule mstari mweupe ni nini?" Ni kovu. Miguu ya watu kwa miongo ile yote imekwangua ile ngozi nyekundu ya jiwe, ukabaki ukanda uliopauka unaopanda hadi juu, unaonekana kutoka mbali. Nilimweleza. Alisimama akiutazama, mikono mifukoni. Kabla ya safari yeye ndiye aliyekuwa amenung'unika kuliko wote kwamba hatutapanda. Alikuwa ameona video za zamani. Hakusema amebadili mawazo, na mimi sikumuuliza. Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, alikuja kuniamsha yeye mwenyewe twende tukauzunguke.

Kuuzunguka ni matembezi ya kilomita 10.6. Tulianza kabla ya jua, ambalo Julai huchomoza kama saa moja na nusu, tukiwa na makoti na glavu, na pumzi inatoka kama moshi. Laiti mwandishi wenu angefanya matembezi haya kabla ya kuandika. Kwenye picha Uluru ni kitu kimoja laini kama mkate. Ukiwa chini yake una mapango, mikunjo, mabonde madogo yenye miti mirefu, mifereji myeusi ambako maji ya mvua huteremka, na mashimo ya duara juu kabisa kama madirisha. Ngozi yake ina magamba. Jiwe la ndani ni la kijivu na wekundu ni wa juu tu. Una urefu wa mita 348 kutoka tambarare, na upande mmoja ulitutupia kivuli tukatembea karibu saa nzima bila kuliona jua, kisha tukakata kona likatupiga usoni.

Kuna sehemu zenye vibao vinavyoomba usipige picha. Maelezo yake ni kwamba alama za mwamba pale ni kama maandiko ya dini: zinatakiwa kuonekana mahali pake, na watu wanaostahili kuziona. Kwenye kibao cha kwanza niligeuka kumwambia kijana, nikakuta ameshaiweka simu ndani ya begi. Hakuitoa mpaka tulipofika kwenye maegesho. Ana miaka 13, na simu hiyo haijawahi kukaa begini saa mbili mfululizo. Tulitembea kwa muda wa saa nne. Tuliongea mambo ambayo nyumbani hatujawahi kuyaongea, na hayo hayahusu gazeti.

Wengine, pamoja na mama, walikwenda kwenye bwawa la Mutitjulu, kilomita moja tu kwenda na kurudi, njia nzuri ambayo hata kiti cha magurudumu kinapita. Hapo kuna simulizi inayoelezwa kwa wageni wote, ya Kuniya, chatu mwanamke, aliyekuja kulipiza kisasi baada ya mtoto wa ndugu yake kuuawa na Liru, nyoka wa sumu. Mapigo aliyompiga adui yake yanaonyeshwa kwenye ukuta wa mwamba, nyufa mbili zenye kina. Mke wangu alimtafsiria mama kibao baada ya kibao. Nilipowakuta adhuhuri, mama alinisimulia yote upya kana kwamba mimi ndiye sikuwahi kusikia habari za Uluru, na kila alipomtaja Kuniya alimwita shangazi. "Shangazi hakukubali," alisema. "Alikuja mbali, lakini alikuja."

Kwenye kituo cha utamaduni kulikuwa na mama mmoja wa Kianangu, mtu mzima, ameketi chini anachora kwa nukta kwenye turubai. Mama yangu hajui Kiingereza. Alimsogelea, akainama kidogo, akawaambia wajukuu wamwamkie. Wakasema shikamoo, maana bibi yao alikuwa anawatazama na hawakuthubutu kusema hello. Yule mama akainua macho, akatabasamu, akajibu, "Palya." Neno hilo kwao ni salamu, ni shukrani, ni vizuri, ni kwaheri. Wakakaa pale, wazee wawili, bila lugha moja, kama robo saa. Mama alikuwa anafuata kidole chake kinavyoweka nukta.

Hii ndiyo safari ambayo gazeti lenu limewaambia wazazi haina maana tena.

Ninachoomba ni kwamba mtoe sahihisho, na mkiandika tena juu ya Uluru mtumie jina lake, mwataje wenye mwamba, na muwape wasomaji mambo ya njiani. Wenye watoto au wazee waende kati ya Mei na Septemba, lakini wabebe nguo nzito kwa ajili ya usiku. Kiingilio cha siku tatu tulilipa dola 38 za Australia kwa mtu mzima, watoto bure. Siku moja waitoe kwa Kata Tjuta, vile vichwa vya mwamba 36 vilivyo jirani, ambavyo kimoja kinaupita Uluru kwa urefu. Sisi tulikwenda kwa nusu siku tu na haikutosha. Na tafadhali waambieni wazazi wakague mifuko ya watoto, jambo ambalo mimi sikulifanya.

Jioni ya siku ya pili, mke wangu alikuwa akikung'uta jaketi la binti yetu chumbani Yulara. Likaanguka jiwe. Dogo, jekundu, bapa, la ukubwa wa kitufe cha koti. Mtoto alikiri papo hapo: alilichukua karibu na bwawa kwa sababu lilikuwa limekaa peke yake. Kuchukua jiwe, mchanga au mmea kwenye hifadhi ile ni kosa kisheria, na nilianza kumweleza habari ya faini. Mama akanikatiza. Alimwita mjukuu wake kitandani, akamuuliza, "Lilikuwa la nani?" Mtoto akafikiri. "La shangazi," akasema.

Asubuhi tulirudi nalo kwenye kituo. Nilitaka kwenda kulitupa pale lilipookotwa, lakini niliona ni bora alikabidhi mwenyewe kwa mkono wake. Mhifadhi alilipokea kwa heshima kama aliyepewa kitu cha thamani, akamshukuru kwa kulirudisha kabla halijaondoka. Akatueleza kwamba watu huwatumia mawe kwa posta kutoka nchi mbalimbali, mengine baada ya miaka mingi, yakiwa na barua za kuomba radhi. Wana jina lake kabisa: mawe ya samahani. Shida, alisema, ni kwamba jiwe likishakwenda mbali hivyo hakuna tena anayejua mahali pake hasa palikuwa wapi. Akamuuliza binti yangu alilitoa wapi. Akaonyesha kwenye ramani, kwa kidole, bila kusita.

Tulirudi Adelaide siku ya kumi. Nilishusha madumu, mke wangu akaziweka jozi zote sita za viatu kwenye karai la maji, nyuma ya nyumba. Maji yakawa mekundu kama chai ya rangi. Binti yangu alikuwa amesimama pembeni, akamshika bibi yake mkono na kumuuliza kama na lile vumbi nalo ni la kurudisha. Mama alinitazama mimi.

Msomaji wenu,
Adelaide, Australia